Jibu: Mayai ya kichocho kabla na baada ya dawa, nitumie kipimo gani cha takwimu?

Dada yangu, umesema una watoto 120 wa skuli mbili za Pemba, umehesabu mayai ya kichocho katika mililita 10 za mkojo kabla ya dawa ya kichocho, prazikwanteli, na wiki 6 baadaye, nawe umeshauriwa utumie kipimo cha t cha makundi mawili, kile kinacholinganisha wastani wa makundi mawili ya watu tofauti. Usikubali, tafadhali.

Mtoto ni yuleyule mara mbili. Hayo si makundi mawili, ni jozi. Ukizitenganisha unatupa kitu bora kabisa ulichonacho: kila mtoto kulinganishwa na nafsi yake.

Halafu zichore kwanza hizo hesabu. Utaona sifuri nyingi, mayai 2, mayai 5, mara anatokea mtoto mmoja anayeshinda bwawani, ana 400. Huyo peke yake anauvuta wastani mpaka hausemi kweli juu ya wenzake. Kwa idadi ya mayai, basi, chukua Wilcoxon ya jozi, kipimo kinachopanga kwa ukubwa tofauti ya kila mtoto badala ya kutegemea wastani. Kwa swali la anao au hanao, chukua McNemar, kipimo kinachotazama watoto waliobadilika kati ya kabla na baada, si kai-skwea ya kawaida, ambayo hudhani makundi ni ya watu tofauti. Taja pia wangapi wamefika mayai 50 na kuendelea, maana hapo ndipo Shirika la Afya Duniani linapohesabu maambukizi mazito.

Kuzilinganisha skuli mbili hizo, mimi nisingethubutu. Ni chache mno.

Na wale ambao wiki ya 6 hawakurudi, ni wangapi? Usiwafute kimyakimya. Waandike, na sababu zao.