Ruta ya 5G kwa studio ya video: nunua, ila upime kwanza kasi ya kupandisha

Mkuu umeuliza kama ununue ruta ya 5G (kizazi cha tano cha mtandao wa simu) kwa ajili ya studio yako ya video, kwa kuwa faiba haijafika mtaani kwenu. Mchangiaji mmoja amekujibu kuwa 5G ni mbwembwe za matangazo. Mimi nahariri video za harusi na makongamano hapa Dar na natumia 5G kazini, kwa hiyo sikubaliani naye. Tulikuwa tunakabidhi kazi kwa diski na bodaboda. Sasa mteja wa Mwanza napata kumtumia rasimu, anairudisha na masahihisho, na jioni tumeshafunga kazi. Ndugu walioko Muscat wanatazama ndoa mubashara bila picha kugandaganda. Hii ni riziki ya watu, tusiidharau.

Ila wengi wanapima 5G kwa namba isiyowahusu. Wanaonyeshana kasi ya kushusha (kupakua kutoka mtandaoni), wakati kazi yetu sisi ni kupandisha (kutuma faili mtandaoni). Kwenye masafa (mawimbi ya redio) ya 3.5 GHz, ambayo ndiyo 5G nyingi hutumia, mnara na ruta hupokezana muda kwenye masafa yaleyale: mnara ukirusha, ruta inasikiliza, kisha zamu inageuka. Kampuni za simu hutenga sehemu kubwa ya muda huo kwa kushusha, maana wateja wengi ni watazamaji. Tena ruta yako inarusha kwa nguvu ndogo mno kuliko mnara. Basi usishangae kuona Mbps (megabiti kwa sekunde) 200 za kushusha na 20 tu za kupandisha. Piga hesabu: faili la GB 40 kwa Mbps 20 ni zaidi ya saa nne. Kwa hiyo kabla hujalipa, azima simu ya 5G, simama pale ruta itakapokaa, upime kupandisha mchana, kisha upime tena saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Mnara ni mmoja, mnagawana.

Mahali pa kuweka ruta pana uzito kuliko bei yake. Masafa haya yanabeba data nyingi lakini ukuta wa zege unayadhoofisha, na vioo vyenye utando wa metali vinayadhoofisha zaidi. Iweke dirishani upande wa mnara, usiifiche nyuma ya televisheni. Masafa ya chini kama 700 MHz yanafika mbali na kupenya kuta vizuri, ila uwezo wake wa kubeba data ni mdogo. Masafa yote mawili yalikuwemo kwenye mnada wa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) wa Oktoba 2022, na kwa maoni yangu vijijini 4G nzuri ya masafa ya chini ingesaidia watu wengi zaidi kuliko 5G ya mjini inayosogezwa mtaa kwa mtaa.

Bando nalo. Kwa Mbps 100, GB moja inaisha ndani ya sekunde 80. Chukua kifurushi cha mwezi kisichohesabu GB, na usome masharti, kwani vingi hupunguza kasi ukivuka kiwango fulani.

Kuhusu upasuaji wa mbali na magari yasiyo na dereva aliyoyataja mchangiaji mwingine kama faida za 5G: ule ucheleweshaji (muda wa data kusafiri) wa milisekunde moja unaotajwa ni lengo la viwango vya kimataifa kwa matumizi maalumu. Mitandao mingi duniani ilianza kwa kupachika redio za 5G juu ya kiini cha 4G (mitambo ya kati inayoendesha mtandao), na hapo milisekunde moja huipati.

Halafu kuna kitu ambacho ruta yoyote haiwezi kukutibia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Simu zilionyesha 5G imejaa, lakini njia ya kwenda nje ya nchi ilikuwa imebana. Ndiyo maana faili za wateja wa hapahapa naweka nakala kwenye diski hadi leo, na matangazo mubashara siyafanyi bila laini ya kampuni nyingine pembeni.

Ukishapima, weka hapa majibu ya kupandisha, mtaa na saa uliyopima. Walioko Mbagala, Kinyerezi na Goba nanyi leteni ya kwenu, tuone wapi mnara unamudu kazi hii.