Mauser ya Mjerumani na mita 2000

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu babu alitusimulia kwamba askari wa Mjerumani waliolinda Tabora mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, waliweza kumdungua Mbelgiji aliye mita 2000. Nimeona picha ya bunduki yao, Mauser ya 1898, na kilengeo chake kweli kina namba hadi 20, yaani mita 2000. Ni kweli walifika huko? Pia baba mdogo kule Urambo amekuta darini bunduki kuukuu ya komeo. Bado inaweza kulenga?
Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu. Risasi yenyewe inafika, na inaua. Kulenga mtu mmoja kwa umbali huo ndiko kusikowezekana. Namba zile ziliwekwa ili kikosi kizima kifyatue kwa pamoja juu ya safu ya adui au msafara wa wapagazi, risasi ziwanyeshee. Waingereza walikuwa na mpango huohuo: bunduki yao ya .303 ya mwaka 1907 ilibeba ubavuni kilengeo cha ziada cha hadi yadi 2800, na vita ilipopamba moto wakakiacha, kwa kuwa hakikuwa na kazi.

Piga hesabu. Bunduki ya jeshi iliyo nzima, yenye risasi nzuri, hukusanya risasi tano ndani ya duara la sentimita 10 hivi kwa mita 100. Kwa mita 300 duara ni sentimita 30, kifua cha mtu. Kwa mita 2000 limepita mita mbili, na hapo sijaweka upepo, wala jicho linaloona mbele yake mtu mdogo kuliko ncha ya kilengeo. Mimi naishia mita 300 kwa mpigaji hodari. Nilipobeba .303 pori la Ugalla, sikumruhusu kijana wangu yeyote kumfyatulia mnyama aliye zaidi ya mita 150. Mnyama aliyejeruhiwa anateseka siku nzima, na anayemfuata nyuma anaweza kufa.

Tena Mauser ya 1898 ilianzia namba 4, mita 400. Adui akiwa mita 100, ukimlenga kifuani risasi inapita juu kwa zaidi ya shibiri. Kwa vita ya miombo, ambako watu walionana kwa karibu, hilo lilikuwa tatizo kubwa kuliko umbali wowote. Na vita ilipoanza askari wengi hawakuwa hata na hiyo; walibeba Mauser ya 1871, ya baruti nyeusi, risasi nene na nzito inayoshuka upesi, na kila mlio uliacha wingu la moshi mweupe lililoonyesha askari alipojificha. Bunduki mpya zilikuja na meli iitwayo Rubens, iliyoingia Ghuba ya Manza, karibu na Tanga, Aprili 1915.

Sasa ya baba mdogo. Umri peke yake hauharibu shabaha. Fataki za zamani, yaani viwashio vya baruti kwenye kitako cha risasi, ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na asiyeuosha kwa maji ya moto aliachia kutu ile mifereji inayoizungusha risasi. Wengine walisugua kwa fimbo kutokea mbele hadi mdomo wa mtutu ukapanuka. Bunduki iliyoharibika hivyo haitalenga tena hata mita 50. Ubao nao huvimba masika ukausukuma mtutu pembeni.

Lakini asiijaribu. Komeo, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, likilegea, pamoja na risasi ya miongo mingi vinaweza kumlipukia usoni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu kuwa nayo bila leseni, kwa hiyo asiiguse wala kuibeba njiani. Aende kituo cha polisi Urambo awaeleze ilipo, waje kuichukua wenyewe.