Kwa anayeanza kusoma ubongo wa wanyama wanaolala majira ya baridi

Wengi wanaoingia kwenye utafiti huu huja na swali moja: mnyama akilala baridi yote, ubongo wake huendelea kuzaa seli mpya? Swali ni zuri. Ila kabla hujahesabu hata seli moja, jua mnyama wako alikuwa katika hali gani saa ile sampuli ilipochukuliwa.

Kindi wa ardhini wa Siberia hushuka kutoka nyuzijoto 36 hivi hadi kati ya 4 na 6. Wala halali mfululizo: kila baada ya siku kadhaa mwili hupata joto tena kwa saa chache, kisha huzizima upya. Katika ubaridi ule, mgawanyiko wa seli karibu husimama kabisa. Kwa hiyo daftari lililoandikwa "kindi aliyelala", bila joto la mwili wala saa tangu aamke, halina msaada kwa yeyote.

Angalia pia vialama vyako, yaani vitu vinavyokuonyesha seli mpya au changa. BrdU, kemikali anayodungwa mnyama, hunaswa na seli inayonakili DNA yake. Ukimdunga mnyama aliyezizima, alama utakazoziona huenda ziliingia baadaye, alipopata joto. Dabokotini, protini ya niuroni (seli za neva) changa, nayo huonyesha seli changa, si lazima iliyozaliwa juzi. Baridi hupunguza uundaji na uvunjaji wa protini, basi seli inaweza kubaki changa muda mrefu. Utafiti wa mwaka 2016 juu ya hamsta wa Syria ulikuta uzalishaji wa seli mpya umepungua wakati wa usingizi huo. Usikimbilie kuuita upungufu huo madhara.

Kosa linalonisumbua zaidi ni kuchanganya seli mpya na matawi mapya. Watafiti Popov, Bocharova na mwenzao walionyesha mwaka 1992 kwamba matawi ya niuroni za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, hunywea kindi anapozizima, na saa 2 hivi baada ya kuamka yamekwisha kurudi. Ni jambo la kustaajabisha, lakini seli ni zile zile. Niuroni mpya huhitaji majuma kadhaa kujiunga na mtandao.

Linganisha daima na wanyama wa umri uleule, wakiwemo waliokaa kwenye baridi ileile bila kulala. Kati ya hamsta wa Syria, wasiolala namna hiyo hupatikana. Uzalishaji wa seli hizi hushuka sana kwa umri, na umri wa kindi aliyenaswa porini mara nyingi hukadiriwa tu. Ukiweza, anza na waliozaliwa maabara.