Wauguzi wenzako na sindano ya mafua

Dada, umesema wenzako kwenye nyumba ya wazee hapo Malindi wanaikataa chanjo ya homa ya mafua, eti ndiyo inayoleta mafua. Usiwagombeze. Waambie virusi vya sindano ile vimeshauawa; mkono kuuma na uchovu wa siku mbili ni mwili unajenga kinga, kazi ya kama wiki mbili. Lililo zito ni hili: mtu huweza kuambukiza siku moja kabla hajaanza kukohoa, na kinga ya mzee, hata akichanjwa, huwa hafifu. Bibi mnayemtunza hatoki kitandani. Mafua tunampelekea sisi. Chanjwa wewe kwanza, mbele yao, saa ya chai (mabango ukutani hayasomwi). Mwakani tena, maana virusi hubadilika.