Maswali yenu: maporomoko ya mto vitabuni

Naandika riwaya. Wahusika wangu wanaingia kwenye maporomoko kwa mtumbwi. Nimejaza povu, ngurumo na mayowe, lakini rafiki aliyesoma mswada anasema sura hiyo haimtishi hata kidogo. Tatizo liko wapi?

Liko kwenye hilo povu. Asiyeujua mto huandika fujo. Anayeujua huandika mpangilio. Anza na sauti, maana maporomoko husikika kabla hayajaonekana. Kisha uache mto upoe. Mawe yaliyo mbele huzuia maji, nayo hujaa kabla ya kuyapita, hivyo chombo hujikuta kwenye maji mapana, laini, yanayokwenda polepole. Mpiga kasia aliyeketi haoni maji yanaelekea wapi. Anaona mstari tu mahali mto unapokatika, na juu ya mstari huo vilele vya miti ambayo mashina yake yako chini huko. Hofu imeshaingia, na bado hujaandika tone la povu.

Watu wa mito hawaingii kichwa kichwa. Huegesha, hupanda mwambani, wakatazama. Wanatafuta maji laini yenye umbo la V ambayo ncha yake inaelekea mto unakokwenda. Hapo pana njia. Ncha ikielekea mto unakotoka, kuna jiwe limejificha. Nyuma ya mwamba mkubwa, upande mto unakokwenda, huwa na maji yanayorudi kinyume, na mtu akiyapata anaweza kutulia katikati ya ghasia yote. Nyuma ya jiwe lililofunikwa na maji kidogo, upande uleule, maji hujikunja yakachimba shimo linalokirudisha chombo palepale. Na jambo ambalo waandishi wengi hulisahau: baharini wimbi husafiri, lakini kwenye maporomoko wimbi hubaki mahali pake na maji ndiyo yanayopita. Kwa hiyo wahusika wako wanaweza kusimama wakaliona lile wimbi litakalowapindua, wakabishana, mmoja akang'ang'ania kushoto na mwingine kulia, mmoja akakataa kabisa. Mgogoro wako uko mwambani. Wakishaingia majini, aya mbili zinatosha.

Mto Ulanga wa kwenye riwaya ya The African Queen upo kweli, au mwandishi aliubuni?

Upo, Tanzania. Ila Ulanga wa kweli, ambao wengi wanaujua kama Kilombero, huungana na Luwegu kuwa Rufiji, na Rufiji huishia Bahari ya Hindi. C. S. Forester, katika riwaya yake ya 1935, aliupeleka ziwani kwa sababu alihitaji meli ya kivita ya Wajerumani iwangoje wahusika wake huko. Meli ya namna hiyo ilikuwepo Ziwa Tanganyika: Graf von Götzen, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Iliibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.

Simlaumu kwa kuupindisha mto. Kinachonivutia ni matumizi yake. Rose, dada wa mmisionari, anashika usukani kwenye maporomoko na anagundua kwamba anafurahia, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake. Baadaye chombo kinaharibika, na Forester anatumia kurasa nyingi kueleza jinsi Allnutt, fundi wa chombo hicho, anavyopiga mbizi kuutoa mhimili wa rafadha (pangaboi) uliopinda, kisha wanaunyoosha kwa moto wa mkaa ukingoni. Kurasa hizo za ufundi ndizo zinazonifanya niyaamini maporomoko yaliyotangulia.

"Maisha ni maporomoko ya mto." Tamathali hii imechakaa?

Imechakaa. Watu huchukua kasi na hatari tu, wakayaacha maji yanayorudi nyuma ya mwamba. Jaribu hayo.

Vitabu vya safari za kweli za mtoni, niviamini kiasi gani?

Viamini kwa mto kuliko kwa tarehe. Chukua John Wesley Powell, mwanajeshi wa zamani mwenye mkono mmoja, aliyeshuka mto Colorado nchini Marekani mwaka 1869 akiwa na wenzake 9 na mashua 4. Kitabu chake cha 1875 kimeandikwa kama shajara ya safari hiyo, lakini ndani yake alichanganya mambo ya safari ya pili, ya 1871 na 1872, bila kuitaja. Wapo wanaomwita mwongo. Mimi naona alifanya kazi ya mtunzi, ingawa wenzake wa safari ya pili, ambao hakuwataja, walikuwa na haki ya kununa.

Tukio kubwa kuliko yote halikuhitaji kutiwa chumvi. Tarehe 28 Agosti 1869, walipofika mbele ya maporomoko ambayo leo yanaitwa Separation Rapid, watu watatu walikataa kuendelea, wakapanda kuta za korongo kwa miguu. Sita waliobaki (mmoja alikuwa ameshaiacha safari mapema) waliingia majini wakapita. Siku mbili baadaye walikuwa wamekutana na watu kwenye makutano na mto Virgin. Wale watatu hawakurudi.

Kwa nini maporomoko ya mto Kongo huwa adui katika vitabu vya Wazungu?

Kwa sababu wao walitaka kupita. Kati ya Kinshasa na Matadi mto hushuka takribani mita 270 katika kilomita 350 hivi, na meli haipiti. Mwandishi Joseph Conrad alipofika mwaka 1890 ilimbidi atembee, maana reli ilikamilika 1898. Katika riwaya yake Heart of Darkness, msimulizi Marlow naye anatembea, na wabeba mizigo ndio wanaolipa gharama ya mto usiopitika.

Asiye na haja ya kupita huyaona vingine. Kisangani, kwenye maporomoko ya Boyoma, wavuvi Wagenia husimika miti mikubwa katikati ya miamba, huifunga kwa mitambaazi, kisha huning'iniza vikapu virefu vya umbo la pia mahali maji yanapokimbia kwa nguvu zaidi. Maji humsukuma samaki ndani na kumzuia asitoke. Kasi ileile iliyomsimamisha mgeni ndiyo inayowafanyia kazi. Ningependa kusoma riwaya inayoanzia juu ya miti hiyo.

Mhusika aokolewe mara moja au ahangaike kwanza?

Ahangaike. Soma The Call of the Wild ya Jack London, ya 1903. John Thornton anatupwa majini na kung'ang'ania mwamba. Mbwa wake Buck anafungwa kamba na kuogelea kumfuata, lakini mara ya kwanza anakosea mkondo, anapita pembeni yake, na wanaume wanamvuta nje akiwa nusu mfu. Mara ya pili anaogelea moja kwa moja hadi katikati ya mkondo, na anamfikia.