Muulize Kwanza, Ndipo Umguse

Juzi mwanafunzi wa uuguzi aliniandikia. Alikwenda kumtoa damu mgonjwa wodini, mgonjwa akavuta mkono na kupiga kelele, sindano ikaanguka. Msimamizi wake akasema, "Huyo mkorofi, waite wenzako wamshike." Wakamshika, damu ikapatikana. "Dada," alimalizia, "mbona tangu siku ile sina amani?"

Mdogo wangu, huna amani kwa sababu umeona ambacho wodi nzima haikukiona. Mimi nilichelewa miaka kukiona.

Mwaka wangu wa tatu kazini alikuja mama mmoja kwa uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimwambia avue, apande kitandani, alegeze magoti, yote kwa pumzi moja. Akayabana. Nikamwambia, "Mama, wewe ni mtu mzima, usitucheleweshe." Akalegeza. Kisha akalala kimya kama gogo, macho darini, hakushtuka hata chuma baridi kilipomgusa. Nikajisifu moyoni kwamba nimemtuliza. Siku ya majibu hakuja, wala sikumwona tena.

Kumbe kimya kile hakikuwa utulivu. Mwili ukihisi hatari na usione njia ya kupigana wala ya kukimbia, huganda. Aliyewahi kubakwa, kupigwa au kufungiwa ndani anaweza kugandishwa na kitu kidogo tu: komeo la mlango, mkono unaotokea nyuma, sauti inayomwambia "tulia, tunamaliza sasa hivi". Akili inajua yuko kliniki, lakini mwili umerudi kule. Na aliyeganda hawezi kusema hapana. Mimi nikakihesabu kimya chake kuwa ni ridhaa.

Hilo nililielewa siku nilipolala mimi juu ya kitanda. Nikiwa katika uchungu wa mtoto wangu wa kwanza, mhudumu ambaye hata jina hakunitajia alinipima bila kuniuliza, mlango wazi, huku akizungumza na mwenzake. Nikasema, "Ngoja." Hakungoja. Mtoto alizaliwa mzima, watu wakanipongeza, na sina shaka faili langu linasema mambo yalikwenda salama. Mtoto huyo sasa yuko sekondari. Hadi leo nikipanda kitanda cha uchunguzi, vidole vya miguu hujikunja vyenyewe.

Ndipo nikaanza kusoma kuhusu kiwewe, lile jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha. Nilikutana na habari za daktari Vincent Felitti, aliyekuwa na kliniki ya kupunguza uzito San Diego, Marekani, katika miaka ya 1980. Alishangaa kuona wanaoacha tiba ni watu waliokuwa wakipungua vizuri. Alipowahoji, wengi walimweleza kuwa walidhulumiwa kingono utotoni. Kwa baadhi yao unene ulikuwa ngao. Baadaye yeye na daktari mwenzake, Robert Anda, walifanya utafiti uliohusisha watu zaidi ya 17,000, na matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 1998: kadiri madhila ya utotoni yalivyozidi, ndivyo hatari ya sonona, ulevi na ugonjwa wa moyo ilivyopanda. Nilisoma usiku ule nikimfikiria mama niliyemwona msumbufu.

Sasa nabisha hodi na kungoja nijibiwe. Nataja jina langu. Nasema nitakachofanya, na sababu yake, kabla mkono wangu haujamgusa mtu. Nauliza, "Kuna jambo ungependa nilijue kabla hatujaanza? Si lazima unieleze kisa." Tunakubaliana ishara: akiinua mkono, nasimama, hata ikiwa imebaki nusu dakika. Hapo hasa ndipo pa kusimama. Anayetaka kuingiza mwenyewe spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke ili shingo ya kizazi ionekane, namwachia.

Mwezi uliopita nilimhudumia mwanamke aliyekwisha kushuka kitandani mara mbili, katika ziara mbili tofauti. Aliinua mkono mara nne. Mara nne nilisimama. Kisha akasema mwenyewe, "Haya, endelea." Nilitoka chumbani nikitembea kifua mbele, na sioni haya kulisema.

Wenzangu mtasema muda hautoshi. Na muda wa kumkamata mtu watu watatu huwa mnautoa wapi? Msingoje kujua nani ana kiwewe, hakiandikwi usoni. Mfanyieni kila mgonjwa hivyo, awe mzee, mtoto au mwanamume aliyejaza misuli. Nanyi washauri nasaha, msichimbe kisa siku ya kwanza kwa kuwa fomu ina nafasi ya kukiandika. Mtu akitaka kukaa karibu na mlango, mwacheni akae karibu na mlango. Ulizeni. Kisha ulizeni tena, maana aliyekubali mwanzo ana haki ya kukataa katikati.

Mdogo wangu, kesho ukimkuta mgonjwa yule bado yuko wodini, nenda bila sindano. Kaa, usimsimamie kichwani. Mwombe radhi kwa kushikwa. Damu ikihitajika tena, muulize anapendelea mkono upi, na akikuambia ngoja, ngoja.