Kutoka kunuka mpaka kunukia: nilivyoiondoa harufu ya samaki sebuleni msimu huu wa vuli

Juzi Jumapili zamu ya kikoba ilikuwa kwangu. Wanawake 12 kwenye sebule ambayo hata makochi hayatoshi, na yule wa kwanza kuingia alivua viatu mlangoni akasimama palepale, akauliza, "Mama, humu kunanukia nini?" Kunanukia jamani, sio kunanuka. Nilienda jikoni nikajifanya naangalia chai kumbe nafuta machozi. Tangu jioni ile simu haijatulia, kila mtu anataka nimwelekeze, ndo maana nimekaa kuandika, ila lazima nianze mbali kidogo ili mnielewe.

Mimi nakaanga samaki. Sato nawachukua soko la Mwaloni Kirumba alfajiri, nakaangia uani hapahapa Pasiansi, Mwanza, jioni nauza. Kiangazi hakuna shida, moshi unaenda zake. Shida inakuja vuli, kuanzia mwezi wa kumi hivi, mvua ikishuka huna ujanja jiko unaliingiza ndani, na madirisha jioni lazima ufunge maana ukiwasha taa tu vile vidudu vya ziwani vinaingia kama wingu, na mbu juu yake. Hapo mafuta ya samaki yanaenda kukaa kwenye pazia, kwenye vitambaa vya makochi, kwenye nguo ulizoanika ndani kwa sababu nje hazikauki. Na wewe mwenyewe husikii, umeshazoea.

Mwaka juzi mwezi wa kumi na moja wifi yangu alikuja kutoka Dar. Nilimpikia vizuri tu. Lakini niliona alivyokaa, kwenye ukingo wa kochi, pochi kaipakata juu ya magoti, hakuiweka chini wala pembeni, saa nzima ameishika vile. Wakati anaondoka akasema taratibu, "Wifi, hivi humu hamfungui madirisha?" Basi. Hakusema lingine, na mimi sikumjibu, lakini lile neno nililala nalo na nimeamka nalo siku nyingi sana. Samaki haohao ndio wanaosomesha wanangu.

Nikaanza na spray za dukani. Yaani ni hasara, dakika kumi unasikia maua, halafu maua na samaki vinachanganyika ndo mbaya zaidi.

Halafu nikaona video mtandaoni. Wenzetu Marekani na Ulaya, kwenye majira yao ya majani kupukutika, Septemba mpaka Novemba, yaani wakati sisi tunaingia vuli, wanabandika chungu chenye matufaha, machungwa, mdalasini na karafuu, kinachemka polepole nyumba nzima inanukia. Wanaita popuri. Jina lenyewe ni la Kifaransa, maana yake neno kwa neno ni chungu kilichooza, ila msiogope. Mi nikasema karafuu si zinatoka Zanzibar, machungwa si ya Muheza, kwa nini mimi nishindwe?

Nikashindwa. Nilitia karafuu mkono mzima, nikaweka moto mkali, nikaenda kuhudumia wateja. Kwanza nyumba ilinukia kama kwa daktari wa meno, maana mafuta ya karafuu ndiyo wanayotumia hao, kisha maji yakaisha, maganda yakaungua, sufuria ikawa nyeusi tii. Niliisugua kwa mchanga na majivu siku mbili.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, bibi mmoja wa Tanga, mtu wa udi na ubani. Alikuja akanionyesha chetezo chake, makaa mawili matatu tu na majivu yamefunika juu. Akaniambia, "Mwanangu, cha kunukia hakipigwi moto, kinapashwa." Nikaondoa sufuria kwenye moto mkali, nikaanza kutumia makaa ya mwisho baada ya kupika, yale ambayo ulikuwa unayaacha yazime bure, nayafunika majivu kidogo ndo nabandika. Mkaa wa ziada sinunui.

Sasa vipimo vyangu. Maji lita moja na nusu, maganda ya machungwa mawili uliyoyaosha vizuri, vijiti viwili vya mdalasini, karafuu kijiko kimoja cha chai na usizidishe, hiliki tano umezipondaponda, kipande cha tangawizi na mchaichai kama unao uani. Tufaha la nini, weka ganda la nanasi, hapa mananasi ya Geita yapo. Maji yakitaka kuchemka punguza moto, unataka yatoe mvuke tu, yasitokote. Kila nusu saa ongeza maji ya moto. Ukimaliza ipoe, weka kwenye friji, kesho unapasha tena, siku ya tatu mwaga. Na kama ni jiko la mkaa usifunge madirisha yote, wala usilale nalo ndani, ile gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua watu, hili nawaomba sana.

Lakini dada zangu, wengi mnakosea palepale nilipokosea mimi, mnataka harufu nzuri ije ifunike mbaya. Haifuniki. Harufu ya samaki ni kitu kinaitwa trimethilamini, na tindikali ya limao ndiyo inayokizuia kisiruke hewani, kwa hiyo kwanza kata limao, sugua ubao wa kukatia, meza, sinki, mikono yako mpaka chini ya kucha. Pazia fua kila wiki, najua unachoka, fua. Mchana upepo ukianza kuvuma kutoka ziwani fungua kila dirisha, kabla jua halijazama funga, ila kama unatumia mkaa usifunge yote. Hapo ndo ubandike chungu. Mwanamke unaamka saa kumi usiku unatafuta riziki, unastahili kurudi kwenye nyumba inayonukia, usikubali mtu akufanye uone aibu kwa kazi yako, lakini na wewe usijizoeshe harufu ukasema ndo maisha. Moto mdogo, nasema tena, moto mdogo.

Wifi kasema Krismasi anakuja. Maganda nimeanza kuyaanika leo kwenye ungo, jua la saa sita likitoka nayatoa, wingu likija nakimbia nayo ndani.